Kompaila Inakataa, Lakini Haisemi Wapi

Safu ya wasomaji: Roboti Darasani

Barua nyingi tulizopokea tangu toleo lililopita zinalalamikia jambo moja. Programu imepangwa kwa bloku, yaani vipande vya amri vinavyoburutwa na kuunganishwa, kwenye skrini, machoni pa aliyeipanga haina kasoro yoyote, lakini inakataliwa mara tu kitufe cha kupakia kinapobofywa. Nimechagua barua nne. Kabla ya kuzijibu, nieleze neno nitakalolirudia mara nyingi: kompaila ni programu inayoigeuza kazi yako, iwe ya bloku au ya maandishi, kuwa amri ambazo kisanduku cha roboti kinaweza kuzitekeleza. Kompaila ikikwama, hakuna faili linalozaliwa, na kwa hiyo hakuna cha kupeleka kwenye roboti. Hali hiyo isichanganywe na ile ambayo faili limezaliwa lakini halifiki kwenye roboti, wala na ile ambayo limefika salama na roboti ikaenda kushoto badala ya kulia. Nimewahi kumwona mwalimu akibadilisha betri zote sita za kisanduku cha NXT, roboti ya LEGO, kwa sababu ya ujumbe wa kompaila. Betri hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kompyuta, na lilikuwa bado halijavuka waya.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tulipewa seti sita za LEGO Mindstorms NXT zilizokwisha kutumika kwingine, pamoja na kompyuta mbili za Windows zenye programu ya NXT-G. Wanafunzi wa kidato cha pili walipanga programu ya kufuata mstari mweusi, ikafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya kwanza. Nilipoihamishia kwenye kompyuta ya pili kwa flashi, nikaambiwa kuna hitilafu ya kompaila, na kwamba nijaribu kuongeza sehemu za programu moja baada ya nyingine hadi niipate yenye tatizo. Programu ina bloku arobaini. Je, hakuna njia fupi zaidi?

Jibu: Mwalimu, njia fupi ipo, na sehemu yake kubwa umeshaiandika mwenyewe katika barua yako bila kujua. Lakini kwanza nikueleze kwa nini ujumbe ule ni mkavu kiasi hicho, kwa maana wengi hudhani kompyuta inawaficha kitu. NXT-G ilitoka mwaka 2006 ikiwa imejengwa juu ya LabVIEW ya kampuni ya National Instruments, ambayo ni lugha ya michoro: programu yenyewe ni mchoro, na thamani husafiri kutoka bloku moja hadi nyingine kupitia nyaya zilizochorwa. Katika lugha ya maandishi kompaila inaweza kukuambia kwamba kosa liko mstari wa 27, nawe ukaenda moja kwa moja kwenye mstari huo. Mchoro hauna mstari wa 27. Kompaila inaupokea kama kitu kimoja, na inaposhindwa inachokuambia ni kwamba kitu hicho kizima hakitafsiriki.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umesema programu ilifanya kazi kwenye kompyuta ya kwanza. Maana yake ni kwamba mchoro wenyewe ni sahihi, na kilichopotea ni kitu ambacho mchoro huo ulikitegemea. Nina hakika kubwa kwamba wanafunzi wako walitengeneza bloku zao wenyewe, yaani walichukua bloku kadhaa za kawaida, wakazifunga pamoja na kuzipa jina kama vile “geuka” au “tafutamstari”. Katika NXT-G bloku ya namna hiyo haihifadhiwi ndani ya programu inayoitumia. Inakaa katika faili lake la pembeni, kwenye folda ya bloku iliyo ndani ya wasifu wa mtumiaji katika folda ya nyaraka za kompyuta, na programu kuu hubeba kumbukumbu ya jina lake tu. Ulipolinakili faili la programu kwenye flashi ulibeba majina, ukaviacha vitu vyenyewe Morogoro, kwenye kompyuta iliyo hatua tatu kutoka hapo ulipoketi.

Kuthibitisha hilo ni kazi ya dakika mbili. Fungua programu kwenye kompyuta ya pili, kisha bofya mara mbili kila bloku ambayo si ya kiwandani. Bloku iliyo salama itafunguka na kuonyesha bloku zilizomo ndani yake. Isiyofunguka ndiyo iliyopotea. Rudi kwenye kompyuta ya kwanza, nakili mafaili ya bloku hizo, uyaweke kwenye folda ile ile ya wasifu ule ule katika kompyuta ya pili. Iwapo kompyuta zako zina toleo la pili la NXT-G, lililotoka mwaka 2009, menyu ya zana ina amri inayofungasha programu pamoja na bloku zote zinazohitajika na sauti zake katika faili moja, na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kwa mwalimu mwenye mashine zaidi ya moja. Angalia pia kwamba kompyuta zote mbili zina toleo moja. Toleo la kwanza linajua namba kamili tu, na toleo la pili ndilo lililoleta namba zenye desimali, kwa hiyo kazi iliyohifadhiwa kwenye jipya haina budi kubaki kwenye jipya. Na kuna mtego mmoja uliobaki: bloku ya kujitengenezea inaweza kuwa na bloku nyingine ya kujitengenezea ndani yake. Ukirudisha ya nje ukaisahau ya ndani, ujumbe utabaki ule ule na wewe utadhani hukufanya lolote.

Tuchukulie umezikagua zote na hakuna iliyopotea. Hapo ndipo ushauri wa kupunguza sehemu unapofaa, ila si kwa mtindo wa moja baada ya nyingine. Hifadhi nakala ya programu kwa jina jingine, kisha ufute nusu ya pili ya nakala hiyo na kujaribu kuipakia. Ikikubali, kosa liko katika nusu uliyoifuta. Ikikataa, liko katika nusu iliyobaki. Igawe tena nusu yenye kosa. Kwa bloku arobaini utafika kwenye bloku moja baada ya majaribio yasiyozidi sita, wakati kwa njia uliyoshauriwa ungeweza kuhitaji arobaini. Wanafunzi wako wa fizikia wataipenda hesabu hiyo kuliko wanavyoipenda roboti yenyewe, na ningewaachia wao waifanye.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, kisanduku kiwe kimeunganishwa kwa waya wa USB na kimewashwa, kwa sababu katika NXT-G kutafsiri na kupeleka hufanyika kwa mbofyo mmoja. Pili, unapofuta bloku iliyokuwa chanzo cha waya, waya huo hubaki ukining'inia bila asili, na waya wa namna hiyo peke yake unatosha kuleta hitilafu mpya uliyoitengeneza wewe. Utautambua kwa rangi. Waya mzima wa namba ni wa manjano, wa mantiki ni wa kijani, wa maandishi ni wa rangi ya chungwa. Uliokatika hugeuka kijivu na kuwa wa vipande vipande. Bofya ncha yake inayoingia kwenye bloku nao utaondoka.

Rangi hizo zinanikumbusha kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko yote katika programu za kufuata mstari. Mwanafunzi anataka kuona kwenye skrini ndogo ya kisanduku namba inayosomwa na kihisi cha mwanga, basi anavuta waya kutoka kwenye kihisi hadi kwenye bloku ya kuonyesha. Kihisi kinatoa namba, lakini tundu la bloku ya kuonyesha linapokea maandishi. Waya unageuka kijivu, mwanafunzi haoni kwa kuwa uko nyuma ya bloku nyingine, na programu nzima inakataliwa. Dawa ni kuweka katikati bloku inayogeuza namba kuwa maandishi. Vivyo hivyo kwa waya unaotakiwa kuingia au kutoka katika bloku ya kuchagua: ondoa kwanza alama kwenye mpangilio wa mwonekano bapa, la sivyo waya hautakubali kupita.

Kama mwakani utakuwa na wanafunzi walio tayari kuandika badala ya kuburuta, ipo lugha ya NXC iliyotengenezwa na John Hansen kwa ajili ya visanduku hivyo hivyo, ambayo huandikwa katika programu ya Bricx Command Center kwenye Windows na haina malipo. Kompaila yake hutaja mstari wenye kosa. Sikushauri uiache NXT-G kwa sababu hiyo, ila mwanafunzi aliyeonja ujumbe wenye namba ya mstari huanza kuuheshimu mchoro wake zaidi anaporudi kwenye bloku.

Swali: Mimi ni mlezi wa klabu ya roboti mjini Kisumu. Tunatumia EV3, roboti ya LEGO iliyofuata NXT, na programu yake ya zamani ya bloku. Nimenakili programu moja kutoka mradi mmoja hadi mwingine katika kompyuta ile ile, lakini bloku tulizotengeneza wenyewe hazifanyi kazi katika mradi mpya. Pia, kwa nini programu yenyewe ya EV3 haifunguki kabisa kwenye kompyuta mpya ya Mac tuliyonunuliwa?

Jibu: Asili ya tatizo lako inafanana na ya mwalimu wa Morogoro, ila mahali pa kuhifadhia pamebadilika. Katika programu ya EV3, iliyotoka mwaka 2013, bloku za kujitengenezea ni mali ya mradi, hazikai kwenye folda ya pamoja. Kwa hiyo hata kama kompyuta ni moja, mradi wa pili haujui chochote kuhusu bloku za mradi wa kwanza. Fungua ukurasa wa sifa za mradi wa kwanza, nenda kwenye orodha ya bloku zake, uzitoe kama mafaili, kisha uziingize kupitia ukurasa kama huo katika mradi wa pili. Anza na zile zinazotumiwa na nyingine.

Kuhusu Mac, programu ile ni ya biti 32, na kuanzia macOS 10.15 ya mwaka 2019 mfumo huo uliacha kuendesha programu za biti 32. Hakuna mpangilio wa kubadilisha. Iko EV3 Classroom, ambayo bloku zake ni za mtindo wa Scratch, lugha ya bloku ya watoto, lakini haifungui miradi ya zamani. Mtalazimika kuipanga kazi yenu upya. Ushauri wangu ni kuitunza kompyuta moja kuukuu kwa ajili ya kazi za zamani, na kuanza kazi mpya kwenye Mac.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Zanzibar. Nina roboti ya mBot na ninatumia mBlock 5, programu ya kompyuta ya kuipangia bloku. Nimetengeneza programu inayotumia kihisi cha mwanga kuhesabu matone ya maji yanayodondoka kwenye bomba la kumwagilia bustani. Ninapoiendesha roboti ikiwa imefungwa kwenye kompyuta, inahesabu. Ninapotaka kuipakia ili ifanye kazi peke yake bustanini, kompaila inakataa na kuandika maneno mengi mekundu ya Kiingereza. Nimetazama bloku zote, sioni kosa. Kigeu changu, yaani jina ninalohifadhia hesabu, kinaitwa “tone”.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera, maana umeandika jina la kigeu chako. Wakubwa wengi hawalitaji, nasi hulazimika kubahatisha.

Bloku zako hazina kosa. Kosa ni neno “tone”, na ni kosa ambalo mtoto wa Kiingereza anayehesabu matone asingelifanya kamwe. Roboti yako ina bodi ya aina ya Arduino, yaani bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, na katika maktaba ya Arduino, yaani mkusanyiko wa amri zake zilizo tayari, tayari kuna kitu kinachoitwa kwa herufi hizo hizo nne: ni amri ya kutoa mlio kwenye kipaza sauti kidogo, kwa sababu kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya mlio. Fungua upande wa kulia wa mBlock sehemu inayoonyesha msimbo uliotengenezwa kutokana na bloku zako. Huko utaona kigeu chako kimetangazwa kama namba kwa jina lile lile. Kompaila ya C++, lugha ya maandishi ambayo bloku zako hugeuzwa kuwa, inakutana na jina moja lenye maana mbili, amri na namba, inakataa kuchagua, na ule mstari mwekundu unaosema kwamba jina limetangazwa upya kama kitu cha aina nyingine ndiyo lugha yake ya kusema hivyo. Rudi kwenye bloku, bofya jina la kigeu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, libadilishe liwe “idadiMatone”, halafu pakia tena.

Lakini mbona ilifanya kazi ilipokuwa imefungwa kwenye kompyuta? Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu litakusaidia hata baada ya roboti hii kuchakaa. mBlock ina hali mbili. Katika hali ya moja kwa moja, programu yako haitafsiriwi kabisa: kompyuta ndiyo inayoisoma, ndiyo inayohesabu, na inaitumia roboti amri ndogo ndogo kupitia waya, huku ndani ya roboti kukiwa na fimwea, yaani programu ya kiwandani inayopokea amri hizo. Kigeu chako kiliishi kwenye kompyuta na wala hakikukutana na C++. Katika hali ya kupakia, kazi yote inageuzwa kuwa msimbo wa C++, unatafsiriwa na kuandikwa ndani ya bodi. Kwa hiyo programu iliyotii katika hali ya kwanza haijathibitisha lolote kuhusu hali ya pili. Kumbuka pia mambo mawili: programu ya kupakia huanza na bloku ya kuwaka kwa mBot, wala si ya bendera ya kijani, na ukishapakia, fimwea ya kiwandani inakuwa imefutwa, hivyo ukitaka kurudi kwenye hali ya moja kwa moja utahitaji kuirudisha kwanza kwa amri ya kusasisha fimwea iliyomo ndani ya mBlock.

Ukiwa hapo, yapange upya majina yako mengine. C++ hairuhusu jina lianze na tarakimu, wala liwe na nafasi katikati, wala ritifaa. Kwa hiyo “2matone”, “idadi ya matone” na “ng'ombe” yote hayafai katika msimbo. Usiiachie mBlock kazi ya kuyasafisha. Jina la maneno mawili yaliyounganishwa, la pili likianza kwa herufi kubwa, ni vigumu kugongana na neno lolote la Arduino.

Baada ya kubadilisha jina unaweza kuona maneno mekundu mengine yanayomtaja avrdude na kulalamika kwamba mawasiliano hayalingani. Usirudi kwenye bloku. Ujumbe huo huja baada ya kompaila kumaliza kazi yake salama. Avrdude ni programu ya kubeba faili hadi kwenye bodi, na inasema imegonga mlango bila kuitikiwa. Hakikisha swichi ya roboti imewashwa, waya wa USB umeingia sawasawa, tundu ulilolichagua ndilo lenye roboti, na kompyuta ina draiva, yaani programu ya kuwasiliana na kifaa, ya CH340, ambayo ni chipu ya mawasiliano iliyomo kwenye bodi ya mBot. Kompyuta nyingi za Windows zinazokataa mBot hukosa draiva hiyo tu.

Swali: Kompaila haikulalamika, lakini kisanduku chetu cha NXT kinasema nafasi imejaa, ingawa programu yenyewe ni ndogo sana. Watoto wameongeza tu wimbo wa shule walioucheza na kuurekodi wenyewe. (Mzazi, Dar es Salaam)

Jibu: Wimbo ndio uliojaza. Kisanduku cha NXT kina kumbukumbu ya kuhifadhia ya kilobaiti 256 kwa jumla, na karibu nusu yake inachukuliwa na fimwea pamoja na mafaili yaliyokuja nayo. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 8,000 za baiti moja kwa kila sekunde inakula takribani kilobaiti 8 kwa sekunde, hivyo ubeti wa sekunde 20 ni kilobaiti 160, nafasi ambayo kisanduku hakina hata kikiwa kitupu. Fungua dirisha la NXT katika programu ya NXT-G, nenda sehemu ya kumbukumbu, ufute sauti zisizotumika, kisha wimbo ukatwe ubaki sekunde tatu au nne, au upangwe upya kwa bloku ya sauti noti moja moja, kwa kuwa noti haichukui nafasi kama rekodi. Majina ya mafaili yawe mafupi, yasizidi herufi 15, kwani ndicho kikomo cha kisanduku ukiacha herufi tatu za mwisho, baada ya nukta, zinazoonyesha aina ya faili.

Mtu akikushauri uweke upya fimwea ili kupata nafasi, nafasi utaipata, lakini kazi hiyo hufuta kila kitu ambacho watoto wamehifadhi ndani ya kisanduku. Nakilini kwanza programu zao kwenye kompyuta, na betri ziwe mpya kabla ya kuanza, kwa sababu kisanduku kikizimika katikati kitabaki na skrini tupu kikitoa mlio hafifu wa tik, tik, tik, hadi fimwea iwekwe tena.